Dhamana ya Anayeshuka Pangoni

Kijana niliyemfundisha Kiswahili miaka kadhaa iliyopita alinijia nyumbani Kitale na barua mkononi. Yeye na wenzake watano walikuwa wamepania kupanda Mlima Elgon wakapime na kuchora ramani za mapango madogo, yale yaliyo mbali na Kitum na Makingeny ambako watalii hupelekwa. Walihitaji kamba, kofia ngumu, taa za kichwani, ada za hifadhi, nauli na chakula cha siku kumi. Barua ilielekezwa kwa kampuni moja, na pale juu panapokaa mada aliandika: MINT: OMBI LA UDHAMINI. Aya ya pili iliomba ufadhili. Ya tatu iliomba msaada. Ya mwisho ilishukuru kwa hisani ya msomaji.

"Mwalimu, nitazamie kama Kiswahili kimekaa sawa," akaniambia.

Sarufi ilikuwa imekaa sawa. Nikamwomba aniachie barua, nikakaa nayo siku tatu, kwa sababu maneno yale manne yalikuwa yamepangwa kama sahani za seti moja kabatini, na masikioni mwangu hayakulingana hata kidogo. Kila moja linamweka mtoaji mahali pake na mpokeaji mahali pake. Mtu anayekwenda kuning'inia kwenye kamba gizani anastahili kujua aliyemwezesha amesimama wapi.

Fadhila kwanza. Tumeipata kwa Waarabu, na huko shina lake linabeba maana ya ziada: kile kinachobaki haja zikishatimia, kinachofurika. Ndiyo maana tunataja fadhila za Mwenyezi Mungu. Hutoa bila kupungukiwa wala kutudai. Mfadhili, basi, ni aliyeshiba akamkumbuka mwenye njaa. Anachotazamia ni shukrani tu, na wahenga walijua kwamba hata hiyo huwa haba: mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, mwanadamu atakuudhi. Uchungu wa methali hiyo ni uchungu wa mtu aliyetoa bila mkataba. Angekuwa na mkataba angekwenda mahakamani; kwa kuwa alitoa fadhila, kilichobaki ni kumsifu mbuzi. Leo tunawaita wafadhili watu wenye fomu za kurasa 40, wakaguzi wa hesabu na masharti ya kila robo mwaka. Sisemi masharti hayo ni mabaya, kwa kuwa fedha za watu zinahitaji kuangaliwa. Nasema tu kwamba aliyekuja na mkaguzi hakuja na fadhila, na ingefaa tumpe jina lake.

Hisani ni jirani ya fadhila, nayo imepata makao yake salama chini ya picha za magazeti: "Picha kwa hisani ya" fulani. Hapo inafanya kazi yake vizuri. Niliiacha katika barua ya kijana wangu bila kuigusa.

Dhamana inatoka mahali pengine kabisa. Nenda kituo cha polisi asubuhi ya Jumatatu uwaone ndugu waliokuja kumtoa mtu wao kwa dhamana. Nenda mahakamani umwone mzee anayekabidhi hatimiliki ya shamba ili mwanawe alale nyumbani hadi kesi isikilizwe. Katika vyama vya akiba na mikopo hakuna mwalimu asiyejua uzito wa kutia sahihi kama mdhamini: mwenzako akiacha kulipa, inakatwa akiba yako. Mimi nilikatwa miezi saba kwa ajili ya mtu niliyemwamini, na tangu hapo neno hili silitamki ovyo. Mdhamini ameweka kitu chake rehani. Huyo mwingine akitumbukia, naye anavutwa.

Sasa tazama kilichotokea viwanjani. Kampuni inalipa ili jina lake likae kifuani mwa jezi, na watangazaji wanaiita mdhamini wa ligi. Timu ikishuka daraja, kampuni haishuki nayo. Mchezaji akivunjika mguu, kampuni haichechemei. Mkataba ukiisha inakunja bango lake na kwenda. Ni biashara halali, na wachezaji wanahitaji viatu, kwa hiyo sina ugomvi na biashara yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba kampuni imenunua mahali pa kutangazia bidhaa, nasi tukaipa jina la mzee yule aliyekabidhi hatimiliki yake.

Mitaani vijana wamekopa sponsa, nalo limeharibika kabla halijazeeka. Katika Kenya ya leo sponsa ni mwanamume mwenye pesa anayemtunza msichana kwa masharti yasiyosemwa mbele ya wazazi. Hakuna awezaye kuliweka kwenye barua rasmi. Na waliokwenda kutafuta kazi Ghuba wamerudi na kafala na kafili. Kafili kwa Kiarabu ni mdhamini yuleyule, mtu anayebeba jukumu la mwenziwe mbele ya sheria. Kumlea yatima nako huitwa kafala, na ni jambo la thawabu. Lakini mwulize mama aliyefanya kazi za ndani ugenini miaka miwili, pasipoti yake ikiwa kabatini kwa tajiri, kafili maana yake nini. Atakwambia ni mtu mwenye funguo. Waarabu nao, kama sisi, wameliona neno la ulinzi likigeuka kuwa neno la umiliki, na waliolipia mageuzi hayo ni wanyonge.

Habari za mapango zinazonisaidia kufikiri juu ya haya yote zilitokea Iran. Mwaka 1971 wapenda mapango kutoka Uingereza walikwenda kwenye milima ya Zagros, wakafika mlima uitwao Parau karibu na mji wa Kermanshah, na huko juu wakakuta mdomo wa pango linaloteremka kama ngazi zilizokatika: shimo wima, ujia mwembamba, shimo tena. Walishuka zaidi ya mita 700, wakalazimika kurudi bila kuuona mwisho. Pango hilo ndilo Ghar Parau. Ghar ni pango, kwa Kiajemi na kwa Kiarabu; ni neno lile ambalo Waislamu hukutana nalo kila inaposimuliwa habari ya Mtume kupokea wahyi katika pango la Hira, mlimani Jabal Nur, au kujificha Thaur pamoja na Abubakar wakati wa Hijra. Kiswahili kimepokea maneno ya Kiarabu kwa mamia, lakini hili hakikuliomba. Pango tulikuwa nalo.

(Na pango letu lina maisha mawili, kwa kuwa mpangaji naye hulipa kodi ya pango kila mwisho wa mwezi. Sidai kwamba maneno hayo mawili yana shina moja. Lakini Elgon nakumbuka kwamba wazee wa Kisabaoti waliishi kwenye mapango ya mlima huo pamoja na ng'ombe wao, na jina lenyewe la Elgon linatokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Kisabaoti. Huko maana zote mbili zimewahi kukaa chini ya dari moja.)

Waingereza walirudi Parau mwaka 1972, safari hii wakiwa na matumaini makubwa. Rekodi ya dunia ya kina cha pango ilikuwa imezidi mita 1100, na hili lilielekea kuivunja. Wakashuka hadi walipoachia mwaka uliotangulia, wakasonga mbele kidogo, wakakuta maji yaliyojaa mpaka darini. Mita 751. Hapakuwa na pa kupita. David Judson alisimulia safari hizo katika kitabu chenye jina la pango lenyewe, kilichochapishwa 1973.

Zifikirie barua zilizoandikwa kuomba fedha za msafara ule wa pili. Kama kuna aliyetoa ili anunue rekodi, alipata hasara, kwa sababu rekodi haikuja. Lakini kuna fedha zilizobaki, na waliosalia nazo hawakuzigawana. Walizifanya mfuko wa kusaidia misafara mingine ya mapango, wakaupa jina la pango lililowafungia mlango: Ghar Parau Foundation. Imepita miaka zaidi ya 50 na mfuko huo bado unawapa Waingereza wanaokwenda kutafuta mapango katika nchi za watu. Kiasi unachotoa si kikubwa. Mpokeaji anadaiwa ripoti: mlikwenda wapi, mlipima nini, ramani iko wapi.

Hapo ndipo fadhila ilinirudia katika maana yake ya kwanza kabisa, ziada. Wapanda milima walikuwa wametangulia kufanya vivyo hivyo. Hillary na Tenzing walipofika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, salio la fedha za msafara pamoja na mapato ya kitabu, filamu na mihadhara vikawa mtaji wa Mount Everest Foundation, iliyoundwa 1955. Kilichofurika kutoka safari moja kikalipia safari za watu ambao wakati huo hawajazaliwa. Huo ndio ufadhili ninaoweza kuuita kwa jina lake bila kusita.

Na chombo chenyewe, ile "foundation", tukiiteje? Wengi husema taasisi, jina linalobeba kila kitu kuanzia chuo kikuu hadi benki na kwa hiyo halisemi lolote. Mimi nasema wakfu. Shina lake ni kusimama: mali imesimamishwa, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na manufaa yake tu ndiyo yanayotembea. Mombasa na Lamu watu wameweka wakfu nyumba, visima na mashamba ili msikiti upate mafuta ya taa na msafiri apate maji, na Wakristo nao husema askofu amewekwa wakfu, yaani ametengwa kwa kazi moja. Najua mafakihi wamebishana kama fedha taslimu zinaweza kuwekwa wakfu au lazima iwe mali isiyohamishika. Ubishi huo naupenda, kwa sababu unaonyesha kwamba neno bado lina mwenyewe anayelilinda.

Anachokitoa wakfu wa namna hiyo ni ruzuku. Hapa Trans-Nzoia hatuhitaji kamusi kulielewa, kwa kuwa tumepanga foleni ya mbolea ya ruzuku. Linatoka nyumba moja na riziki, na ndani yake mna wazo kwamba mtu ana njia yake mwenyewe ya kupata, wewe unamwongezea. Mkulima wa mbolea ya ruzuku bado atalima. Msafara wa ruzuku bado utalipa sehemu kubwa ya gharama kutoka mifukoni mwa wanaokwenda, na hivyo ndivyo misafara mingi ya mapango duniani inavyolipiwa: kwa michango ya wanachama wa klabu, likizo zao, na kamba za kuazima. Sisi watu wa harambee tunalijua hilo kuliko tunavyojua fomu yoyote. Kijana wangu na wenzake walikuwa wamekwisha kuchanga, kila mmoja kwa uwezo wake, lakini katika barua hawakutaja hata shilingi ya michango yao. Waliona aibu kwamba ni kidogo. Niliwaambia waiweke aya ya kwanza.

Kuna pia mtoaji anayenunua hadithi, na huyo naye ana heshima yake akijitaja wazi. Oktoba 2004 wapenda mapango wa Ukraine walipita mita 2000 chini ya ardhi katika pango la Krubera, kwenye milima ya Arabika huko Abkhazia. Lilikuwa pango la kwanza duniani kujulikana kuwa na kina hicho. National Geographic ilikuwa imewasaidia, kisha ikachapisha masimulizi na picha. Kila upande ulijua unachotoa na unachopata. Sioni haja ya kuita mapatano hayo fadhila wala dhamana. Ni mkataba, na mkataba ni neno zuri.

Yote haya yalikuwepo hapa kwetu kabla ya jezi na mabango, katika lugha ya misafara. Mlima Elgon wenyewe una ushahidi. Mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, alitumwa na Royal Geographical Society ya London apite nchi ya Wamaasai hadi Ziwa Viktoria. Aliondoka pwani na wapagazi, akaandamana sehemu ya njia na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za bara, na Desemba mwaka huo akafika kwenye mapango ya Elgon na kuwakuta watu wakiishi humo. Wasomaji wa Ulaya walilijua jina la chama kilichomlipia. Lakini hesabu ya kila siku ya msafara ule iliendeshwa kwa maneno ya Kiswahili, na maneno hayo bado tunayo.

Masurufu: fedha na vitu vya matumizi ya safari, vinavyotolewa mkononi ili vitumike na vitolewe hesabu. Serikali ya Tanzania bado inalitumia kwa fedha anazopewa mtumishi kabla ya kusafiri kikazi, na akirudi anazirejeshea hesabu. Ni neno lisilojipamba. Halisemi mtoaji ni mwema, halisemi amejifunga kwa lolote. Linasema hizi ni za njiani na zitahesabiwa.

Posho: chakula cha siku cha mpagazi. Aliyebeba mzigo alistahili posho, mvua inyeshe au jua liwake, na mnyampara aliyeichezea posho aliamka asubuhi akakuta mizigo bila wabebaji. Upande wa Uganda wa mlima huu, kuanzia Mbale kwenda juu, posho ni ugali wenyewe, sahanini. Bungeni na katika semina za mahotelini posho imekuwa fedha ya kukaa kwenye kiti. Nasikitika kila ninapoliona neno la aliyebeba likiwa la aliyeketi.

Hongo: hapa historia inauma zaidi. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ada ya wazi ambayo msafara ulimlipa mwenye nchi ili upite na unywe maji yake. Wagogo walijulikana kwa kuitoza bila msamaha, na Thomson aliitoa mara nyingi kwa Wamaasai: nguo, shanga, waya. Wageni waliandika kwa hasira kwamba wananyang'anywa. Lakini mwenye kisima alikuwa na haki ya kuuliza wageni mia na zaidi watakunywa nini mwezi wa kiangazi na yeye atabaki na nini. Leo hongo ni rushwa, na heshima yote imeitoka. Ningeweza kumshauri kijana aandike katika bajeti yake "hongo kwa wenyeji" na angekamatwa kabla ya kufika Endebess. Akaandika "malipo kwa jamii inayotunza mapango", maneno matano kwa kazi iliyokuwa ikifanywa na moja, nami sikuwa na jibu bora. Jambo lenyewe lakini lisiachwe. Watafiti wengi wamepanda milima ya watu na kushuka na ramani bila aliyewaonyesha mdomo wa pango kupata hata nakala.

Nimechelewa kurudi kwenye dhamana kwa makusudi, kwa sababu inaletwa na ajali.

Mwezi Agosti 1952, katika milima ya Pyrenees mpakani mwa Ufaransa na Hispania, Marcel Loubens alikuwa akipandishwa kwa winchi kutoka shimo la Pierre Saint-Martin, lenye wima wa zaidi ya mita 300. Kifungo kilichomshika kwenye waya kikaachia, akaanguka. Wenzake walikuwa naye chini, daktari akateremshwa kwa waya uleule, na Loubens akafia humo. Mwili wake ulitolewa miaka miwili baadaye, 1954. Walioteremka kwa waya ule baada ya kuuona ukimwangusha mwenzao walikuwa wameweka rehani kitu kikubwa kuliko hatimiliki.

Septemba 2023, katika milima ya Taurus kusini mwa Uturuki, Mmarekani Mark Dickey aliugua ghafla tumboni akiwa zaidi ya mita 1000 chini, katika pango la Morca. Alikuwa akivuja damu ndani. Yeye mwenyewe ni mwokoaji wa mapangoni mwenye uzoefu wa miaka mingi, na wenzake wa kazi hiyo wakaja kutoka Hungaria, Kroatia, Italia, Poland, Bulgaria na Uturuki yenyewe, wengi wao wa kujitolea. Walimpelekea damu na madaktari hukohuko chini, wakapanua njia nyembamba ili machela ipite, wakampandisha kwa zamu, kituo hadi kituo, na usiku wa kuamkia tarehe 12 akatoka hai. Hakuna hata mmoja wa watu wale ambaye jina lake lilikuwa kwenye jezi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunasema, na katika mapango ya milimani nadhani akufaaye kwa dhiki ndiye mdhamini.

Elgon yetu nayo si ya mchezo. Tembo huingia Kitum usiku, gizani kabisa, wakichimba kuta kwa pembe ili walambe chumvi, na wamefanya hivyo kwa vizazi hadi kuta zimebeba alama zao. Mwaka 1980, na tena 1987, watu waliolizuru pango hilo waliugua homa ya Marburg wakafa. Popo wanaaminiwa kuwa ndio wanaobeba virusi hivyo, na mapango ya Elgon yana popo. Kijana wangu alijua. Barakoa na glavu zilikuwa kwenye orodha yake, na alikuwa amezungumza na daktari mmoja wa mjini aliyekubali kupigiwa simu saa yoyote.

Siku ya tatu nilimwita tukaketi na barua yake. Nilimwuliza: "Kampuni hii mnayoiandikia, mkipata ajali itafanya nini?"

Akafikiri. "Labda itatuma rambirambi, Mwalimu."

"Na nani atakuja?"

Akanitajia daktari. Akanitajia mzee mmoja wa Kisabaoti, askari wa wanyamapori mstaafu, aliyeahidi kukaa mlangoni mwa kila pango watakaloingia, na daftari: nani ameingia saa ngapi, na saa ngapi watafutwe wasipotoka. Mzee hakutaka malipo isipokuwa posho. Akamtaja pia mama yake, aliyemruhusu kwa shida, na ambaye ndiye angebaki na deni lisilolipika kama jambo baya lingetokea.

Tukaiandika barua upya. Mada ikawa OMBI LA MASURUFU YA MSAFARA. Aya ya kwanza ikataja michango yao wenyewe hadi shilingi ya mwisho. Kampuni ikaahidiwa ripoti, nakala ya ramani, na jina lake ndani ya jalada. Hicho ndicho tulichokuwa nacho cha kuuza, nasi tukakiita mapatano. Chini kabisa, chini ya neno Wadhamini, tukaandika majina mawili, la daktari na la mzee, kwa ruhusa yao. Kijana aliogopa kwamba kampuni haitapenda kuona cheo hicho kimepewa watu wengine. Nilimwambia kama haitapenda, ni afadhali ijulikane mapema.

Lakini tulipofika kumwelezea yule mzee, kalamu ilikwama. Katika orodha ya washiriki kulikuwa na kiongozi, mchoraji, mpiga picha, mpishi. Yeye tungemwitaje? Mlinzi ni mtu wa lango la benki. Bawabu ni wa mlango wa mkubwa. Mngojaji anangoja basi. Mshika kamba lilikaribia, ila mzee hatashika kamba saa zote. Kazi yake ni kukaa juu, kujua walio chini, na kutoondoka. Ghuba, enzi za kuzamia lulu, walikuwa na neno lake: mzamiaji alikuwa ghais, na aliyebaki juu ya chombo na kamba mkononi, akingoja kutikiswa ili amvute, alikuwa saib. Mabaharia wetu waliokwenda Oman na Bahrain kwa majahazi walikuwa wakiwaona watu hao, lakini neno sijalikuta kwa Waswahili. Katika barua tuliandika "mzee wa mlangoni", na ndivyo ilivyopelekwa.

Sidhani kama lugha iliyochimba visima vya Lamu na Pate, ikazamia kombe na majongoo ya bahari, ikalina asali kwenye majabali, inakosa jina la mtu huyu. Mtu mmoja aliteremka, mwingine akabaki juu ameishika roho yake. Nimeuliza wachimba visima wawili, wakaniambia wanamwita kwa jina lake tu, kwa kuwa siku zote ni ndugu. Wewe msomaji uliyekulia kwenye visima vya pwani, au kwenye miteremko ya Elgon, Suswa na Chyulu palipo na mapango, au uliyesikia mabaharia wa zamani wakizungumza: kama babu yako alikuwa na neno la anayebaki juu, liandike, utaje na mahali lilikotumika, ulipeleke kwa wanaotunga kamusi. Mzee wetu ana miaka 71 na amekwisha kununua daftari.